Nani Ampe Muuguzi Pole?

Katika mitaa ya Magomeni, Dar es Salaam, kuanzia Mapipa hadi Mwembechai, neno pole halisubiri kuombwa. Mtu akifiwa, akiibiwa, akiunguliwa na banda lake la biashara, au hata akirudi kazini amechoka, majirani humpa pole yake kabla hawajauliza kisa, kwa kuwa desturi ya Waswahili huyatambua maumivu kwanza na kuyachunguza baadaye. Hata hivyo, wapo wakazi na watumishi wa mitaa hiyo hiyo ambao desturi hii huwapita kando saa wanapoihitaji zaidi, nao ni wauguzi. Muuguzi aliyetoa dawa isiyo yenyewe, au aliyegundua alfajiri kwamba mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni hayakupimwa kwa saa nne, hukutana kwanza na swali la nani alikuwa zamu, kisha hukutana na karatasi inayomtaka aandike barua ya kujieleza, na katikati ya mambo hayo mawili mara nyingi hapatokei mtu wa kumshika mkono.

Mazungumzo haya yanahusu pengo hilo, na hoja yake ni kwamba muuguzi anapotegemezwa na wenzake kwa wakati, anayefaidika kwanza ni mgonjwa. Hoja hii huwashangaza wengi, kwa sababu imezoeleka kudhaniwa kwamba huruma kwa muuguzi aliyekosea hukatwa kutoka katika haki ya mgonjwa aliyeumia, kama kwamba huruma ni mfuko mmoja wa unga unaopaswa kugawanywa kwa nyumba mbili.

Lugha yenyewe inatoa mwanga kidogo. Kitenzi uguza, ambamo jina muuguzi limezaliwa, kimetokana na ugua, na maana yake ya kwanza ni kumhudumia mgonjwa. Lakini watu husema pia kwamba fulani anauguza kidonda chake, au anauguza majeraha, wakimaanisha kwamba anaishi na maumivu yake mwenyewe akisubiri yapone. Neno moja limebeba kazi zote mbili, na muuguzi aliyekosea huzifanya zote mbili kwa wakati mmoja, kwani wodi haifungwi ili yeye apumue.

Mwaka 2000 daktari wa Marekani Albert Wu alichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza makala fupi iliyowapa watu hawa jina, yaani mwathirika wa pili. Maana yake ni kwamba kosa la kitabibu linapotokea, mgonjwa na jamaa zake ndio waathirika wa kwanza, lakini mtumishi aliyelitenda naye huumia: hukosa usingizi, huirudia picha ya tukio kichwani, huogopa kugusa dawa ile ile tena, na baadhi yao huacha kazi kabisa. Jina hilo halikupokelewa na wote. Mwaka 2019 katika jarida hilo hilo ilitolewa hoja kwamba liachwe, kwa sababu kumwita mtendaji wa kosa mwathirika kunaweza kuwakera waliopoteza mtoto au mama, na kunaweza pia kumwondolea mtendaji wajibu wake. Pingamizi hilo lina uzito. Faida moja ya jina hilo, hata hivyo, ni kwamba limeweka mpangilio wa foleni bila kificho: wa pili hatangulii wa kwanza, ila hafukuzwi kwenye foleni.

Ili hoja ya mgonjwa kufaidika ieleweke, inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu. Mama anayefikishwa leba akiwa na kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na shinikizo la damu la ujauzito, huhitaji dawa iitwayo magnesiamu salfeti bila kuchelewa. Kwa utaratibu unaotumika sana, dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, gramu 5 kila tako. Dawa huja katika vichupa vyenye nguvu ya asilimia 50, lakini mshipani haipaswi kuingia ikiwa na nguvu hiyo. Kwa hiyo muuguzi huvuta mililita 8 za dawa, akaongeza mililita 12 za maji safi ya sindano, akapata mililita 20 zenye nguvu ya asilimia 20, kisha akazisukuma polepole kwa dakika zisizopungua 5. Hesabu hii ni nyepesi ubaoni. Saa tisa usiku, mama akiwa anatetemeka mwili mzima, ndugu zake wakipiga kelele mlangoni, mjamzito mwingine akisukuma katika kitanda cha pili na taa ya chumba ikiwa hafifu, nane na kumi na mbili zinaweza kubadilishana nafasi kichwani mwa mtu mwenye akili timamu na cheti halali.

Dawa hiyo ikizidi mwilini, dalili ya mapema huonekana gotini, kwani goti likigongwa kwa kinyundo haliruki tena. Baadaye pumzi hupungua, na ndiyo maana muuguzi hufundishwa kuhesabu pumzi zisizopungua 16 kwa dakika na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa kabla ya kuongeza dozi. Ipo pia dawa ya kuikabili, kalsiamu glukonati, gramu 1 ikichomwa taratibu mshipani. Kati ya goti lililonyamaza na pumzi inayokatika kuna muda, na muda huo ndio wote alio nao mgonjwa. Muuguzi anayeweza kugeuka papo hapo na kusema, «Sista, nimevuta nyingi, njoo unisaidie,» amempa mama huyo muda wote; anayejikaza kimya akiwaza barua ya kujieleza, akitumaini kwamba huenda mambo yatakuwa shwari, ameula muda ule kwa niaba ya mgonjwa bila kumwomba ruhusa. Tofauti kati ya wauguzi hao wawili haipatikani sana katika vyeti vyao. Hutokana zaidi na yale waliyoyaona yakimpata mwenzao wa mwisho aliyesema ukweli.

Hapa linaingia neno ambalo hutumiwa nchini kwa wingi kupita kiasi, yaani uzembe. Mtoto akifariki, ni uzembe. Dawa ikikosewa, ni uzembe. Dripu ikivimbisha mkono, ni uzembe. Wataalamu wa usalama wa wagonjwa, wakifuata kazi za mwanasaikolojia Mwingereza James Reason na baadaye za Mmarekani David Marx, hutenganisha mambo matatu ambayo neno hilo limeyafunga kitita kimoja. La kwanza ni kuteleza, pale mtu anayekusudia kufanya sawasawa mkono au macho yanapomdanganya. La pili ni mazoea yenye hatari, kama kujaza chati ya dawa kabla ya kugawa dawa ili kuokoa muda, jambo ambalo wodi nzima hulifanya mpaka siku litakapoleta maafa. La tatu ni kupuuza kwa kujua, kama kumwacha mgonjwa anayevuja damu kwa sababu zamu imekwisha. Aliyeteleza hufarijiwa, na kilichomtelezesha kikarekebishwa. Mwenye mazoea hufundishwa na kuonywa. Anayepuuza ndiye anayestahili mkono wa sheria. Mpangilio huo huitwa utamaduni wa haki, na unaambatana na jaribio moja rahisi: aulizwe muuguzi mwingine wa mafunzo yale yale, akiwekwa katika zamu ile ile, na idadi ile ile ya wagonjwa na taa ile ile hafifu, je, naye angeweza kukosea vivyo hivyo? Wenzake wakijibu kwa unyofu kwamba ndiyo, basi kumwadhibu mmoja ni kuitunza hatari mahali pake ikimsubiri mwingine.

Tanzania ilipata somo zito la aina hii Novemba 2007. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyo ng'ambo ya bonde la Msimbazi kwa anayetokea Magomeni, wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza moja walibadilishwa: aliyehitaji kupasuliwa goti alifunguliwa kichwa, na aliyehitaji kupasuliwa kichwa akafanyiwa upasuaji wa goti. Mwenye maradhi ya kichwa alifariki, na mwenzake alipelekwa India kwa matibabu. Hasira za wananchi zilikuwa na haki kabisa, na taifa zima likauliza ni nani. Swali la ilikuwaje lilisikika kwa sauti ya chini zaidi, ingawa ndilo linaloigusa wodi yoyote ya Dar es Salaam ambamo mgonjwa huitwa kwa jina moja kutoka mlangoni, na yeyote mwenye jina hilo, akiwa na homa, na woga, na heshima kwa joho jeupe, huitika ndiyo. Kumuuliza mtu, «Wewe ni Juma?» ni kumpa jibu mdomoni, ilhali kumtaka ataje mwenyewe jina lake, la baba na la babu, kisha kulilinganisha na faili, huchukua nukta chache tu.

Katika miezi ile ile, pasipo kelele, hospitali nyingine ya Tanzania ilikuwa inajaribu kinga ya makosa ya aina hiyo. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika hospitali nane za miji minane, London, Toronto, Seattle, Auckland, Amman, Manila, New Delhi na Ifakara, ili kuona kama orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa wakati wa upasuaji ingepunguza madhara. Orodha hiyo huitaka timu isimame mara tatu, kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, ihakikishe ni mtu gani, ni kiungo gani na ni upasuaji gani, na kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kipengele cha kutaja majina huonekana kama adabu tu, lakini huenda ndicho chenye siri kubwa, kwa kuwa muuguzi ambaye sauti yake imekwisha kusikika mara moja chumbani huona wepesi kuipaza mara ya pili na kusema, «Daktari, samahani, huu ni mguu wa kushoto.» Katika jamii ambamo mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu, ruhusa hiyo haiji yenyewe, lazima iandikwe kwenye utaratibu.

Mkondo mwingine, wa kuwajibisha watu hadharani, ulikuja Novemba 2015, Rais John Magufuli alipofanya ziara ya kushtukiza Muhimbili, akakuta wagonjwa wamelala sakafuni na mashine za uchunguzi hazifanyi kazi, akamwondoa kaimu mkurugenzi na kuivunja bodi. Ziara hiyo iligusa kero ya kweli, na watu wengi waliishangilia kwa sababu walikuwa wamelala kwenye sakafu hiyo au walikuwa na ndugu aliyelala. Msamiati wa kutumbua majipu, yaani kuwaondoa kazini watumishi wabovu, ulioenea baada ya hapo una mantiki yake pale penye wizi na ukaidi. Tatizo ni kwamba jipu hutumbuliwa likishaonekana, ilhali kosa la dawa mara nyingi halionekani mpaka mwenyewe aliseme, na kiongozi wa ngazi yoyote anayemsimamisha muuguzi kazi mbele ya kamera huwafundisha wauguzi mia moja wanaotazama taarifa ya habari kutosema kitu. Hofu hiyo si ya Tanzania peke yake: mjini Nashville, Marekani, muuguzi aliyechoma dawa ya kulegeza misuli badala ya dawa ya utulivu mwaka 2017, akakiri kosa lake, alitiwa hatiani na mahakama Machi 2022 na kuhukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu, na wauguzi wengi wa huko walisema waziwazi kwamba kilichowatisha zaidi ni kuona ukweli aliousema ukitumika dhidi yake.

Msaada wa wauguzi kwa wauguzi, basi, una sura gani? Susan Scott, muuguzi wa Chuo Kikuu cha Missouri nchini Marekani, aliwahoji watumishi waliopitia matukio ya aina hii na mwaka 2009 akaeleza kwamba safari yao huwa na hatua sita, kuanzia mtafaruku wa saa za mwanzo hadi njia panda ya mwisho, ambapo mmoja huondoka, mwingine hubaki akiwa na jeraha, na wa tatu hubaki akiwa mwalimu wa wengine. Alichokigundua kuhusu njia panda hiyo kina maana kubwa kwa wodi zisizo na mwanasaikolojia: wengi hawakuhitaji mtaalamu, walihitaji mwenzao wa zamu aliyefundishwa kidogo namna ya kusikiliza, ambaye hasemi «usijali» wala «ungefanya hivi», bali huuliza kama mtu amekula, nani atamsindikiza kituoni, na nani ataishika dawa inayofuata ili yeye akae dakika 10.

Watu wa pwani hawana haja ya kuuagiza mtindo huo kutoka Missouri. Wanaye somo. Katika malezi ya Kiswahili, somo ni mwanamke mzima anayekabidhiwa msichana, akamfunda mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyasema, naye huwa mtu wa kurudiwa maisha yote, hata msichana huyo akishakuwa mke wa mtu. Somo hakaripii mbele za watu, na wala hafichi. Akiona mwali wake amepotoka humwambia chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na humwambia yote. Nesi mpya aliyetoka chuoni, anayeogopa kwamba siku moja itafahamika kwamba hajui kazi, angefaidika kuwa na mtu wa namna hiyo, tofauti na mkuu wa wodi anayemjazia tathmini. Shaka yake yenyewe si ugonjwa. Muuguzi asiyejishuku kamwe ndiye wa kuogopwa, kwa sababu hasomi kichupa mara mbili; shaka huwa hatari inapokosa mtu wa kuulizwa, ikabaki ndani, ikageuka kuwa kubahatisha.

Ushahidi wa nyumbani unaonyesha kwamba shaka hiyo hutibiwa zaidi na mazoezi ya pamoja kuliko na nasaha. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara, wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa, wakafaulu kwenye mwanasesere wa mafunzo, lakini leba ikabaki vile vile. Ndipo mwanasesere akahamishiwa kazini, na mazoezi mafupi ya mara kwa mara yakafanywa wodini baina ya wenzi wa zamu. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, mradi wa PartoMa uliandaa pamoja na watumishi wenyewe kijitabu cha mfukoni cha miongozo ya leba, wakakutana kila baada ya miezi kadhaa kukijadili, na watoto waliozaliwa wakiwa wafu wakapungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila 1,000. Mtu aliyekosea mbele ya mwanasesere huku wenzake wakicheka naye amekwisha kuvuka aibu ya kwanza, na ya pili humwia nyepesi.

Haifai, hata hivyo, kuipamba picha hii. Kusaidiana kunaweza kuharibika kukawa kufichiana, nao wananchi wanaoshuku hivyo hawajakosea kila mara. Mpaka uko wazi: mwenzi anayesaidia humpeleka aliyekosea kwa daktari wa zamu, humsaidia kuandika kwenye faili kilichotokea na saa kilipotokea, na hukaa karibu naye jamaa za mgonjwa wanapoelezwa, ilhali anayefichia hubadilisha chati. Baraza la Uuguzi na Ukunga, lililopo kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, lina kazi ya kuwalinda wananchi dhidi ya muuguzi asiyefaa, na hakuna faraja ya wenzake inayopaswa kumtoa mtu mikononi mwake. Hata vikao vya kupitia vifo vya uzazi, ambavyo kanuni yake ni kutotaja jina wala kulaumu, hupotoka kwa upande wa pili: faili husomwa bila jina, lakini chumba kizima kinajua nani alikuwa zamu, na macho yote yanamwelekea mtu mmoja aliyekaa karibu na dirisha.

Yapo pia mambo ya kabati, ambayo hayana machozi ndani yake na pengine ndiyo yanayookoa wengi. Mfumo wa Kijapani wa 5S, ulioanza kutumika katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 na kuenea nchini kwa maneno sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia, huwafanya wauguzi wenyewe wakae chini na kuamua kwamba vichupa vya potasiamu kloridi, dawa inayoweza kusimamisha moyo ikichomwa haraka, visikae rafu moja na vichupa vya maji ya sindano vinavyofanana navyo. Uamuzi huo mara nyingi hutoka kwa mtu aliyewahi kushika kichupa kisicho chenyewe, akakisoma, akakirudisha, na akawa na ujasiri wa kuwasimulia wenzake asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu.

Asubuhi hiyo ya makabidhiano, hata hivyo, inadai kuwepo kwa wenzi wa zamu. Katika kituo cha afya cha serikali au hospitali ya mkoa kama Mwananyamala, hata zamu ikiwa na watu wachache, yupo wa kuulizwa. Magomeni na Kariakoo zina pia zahanati ndogo za watu binafsi, zenye vitanda vichache nyuma ya pazia, ambamo usiku hubaki muuguzi mmoja, mara nyingi aliyetoka moja kwa moja kwenye zamu yake ya mchana mahali pengine kwa sababu mshahara mmoja hautoshi kodi ya nyumba. Hana wa kumsomea dozi kwa sauti, hana kikao, na mgonjwa wake ni jirani atakayekutana naye kesho gengeni. Anachokuwa nacho ni simu yenye salio kidogo, na ndani yake, akiwa na bahati, jina la muuguzi mmoja mkongwe aliyewahi kumwambia, «Mwanangu, nipigie saa yoyote, hata kama ni swali la kijinga.»